Kipupwe kisimfungie mtoto ndani

Kila mwaka ikifika Mei, sisi wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) hapa Lamu huanza kusikia neno lile lile kwa wazazi: "Simtoi nje, atapigwa na upepo." Kusi imeshika, mvua ya mwaka inamwagika, bahari imechafuka. Watoto waliokuwa wakipiga mpira uwanja wa Mkunguni hadi adhana ya magharibi sasa wamejilaza mkekani, simu ya baba inazunguka mkono hadi mkono. Mvua ikipungua huingia baridi ya kipupwe, na hali inabaki hiyo hiyo mpaka Agosti. Ni miezi minne. Kwa mtoto wa miaka 7, huo ni muda mrefu sana wa kukaa.

Hofu ya wazazi naielewa, nami ni mzazi. Lakini mafua huletwa na virusi, na virusi hupata nafasi nzuri pale watu wanapobanana chumba kimoja huku madirisha yamefungwa. Mtoto anayecheza barazani penye hewa ana nafuu kuliko aliyefungiwa chumbani na nduguze watano, mmoja wao akikohoa. Na tuseme kweli kuhusu baridi yetu: hata usiku wa Julai, hapa pwani joto kwa kawaida halishuki chini ya nyuzi 20. Kule Ufini watoto wa chekechea hutolewa nje kucheza wakati theluji imetanda na kipimo kimeshuka chini ya sifuri. Wanavishwa vizuri, kisha wanaachiwa wakimbie. Wetu anahitaji fulana kavu ya kubadilisha akirowa, basi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo unaomfanya aheme, na angalau siku 3 kwa wiki iwemo michezo ya kuimarisha misuli na mifupa. Wa miaka 3 na 4, kwa mwongozo wake wa 2019, wanahitaji saa 3 kwa siku za kuchangamka, saa moja kati ya hizo iwe ya kukimbia na kurukaruka, na muda wa kutazama skrini usizidi saa moja. Mzazi akisikia saa nzima hukata tamaa, lakini dakika hizo zaweza kukusanywa vipande vipande: robo saa kabla ya chuo cha Kurani, dakika kumi akiteka maji na kufagia, nyingine mvua inapokatika alasiri. Siku isiyo na mvua, mwacheni atembee kwenda shule badala ya kupakiwa bodaboda. Na kipimo mnacho nyumbani: akicheza, aweze kuzungumza lakini ashindwe kuimba. Akiimba wimbo mzima bila kukatika, bado hajafika.

Wasichana ndio wanaonishughulisha zaidi. Takwimu za dunia za mwaka 2016 zilionyesha kuwa asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho cha dakika 60, na wavulana asilimia 78. Kwetu msichana akishakua kidogo hazuru tena uwanjani, na mvua ikija hata ule mwendo wa kwenda dukani anautumwa kaka yake. Hii ndiyo miaka ambayo mfupa hujengwa kuliko wakati wowote. Kila mguu unapotua chini kwa kishindo, mfupa hupokea uzito na kuongeza nguvu yake. Mfupa ambao haukujengwa utotoni ni vigumu sana kuufidia baadaye.

Juni moja nilikuwa nikienda nyumba moja mtaa wa Mkomani kumfanyisha mazoezi bibi aliyevunjika nyonga. Mjukuu wake wa miaka 11 alikuwa haendi popote ila shule na chuo. Nikamwomba mama yake kamba. Ikaja ya makumbi, nzito kwa unyevu, ikawa inapiga sakafu ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, pa! pa! Bibi akahesabu kwa sauti kutoka kitandani, mlango wazi, na kila mjukuu alipokwama bibi alianza upya, moja, huku naye akiinua mguu wake kama nilivyomwelekeza. Siku ya kwanza walifika tisa. Wiki ya tatu walipita arubaini, na binamu wawili walikuwa wakingoja zamu. Nyumba zetu za kale zina viwanda na madaka (kumbi za mlangoni) yanayotosha kabisa kwa kamba na kibe, mchezo wa kujificha na kutafutana. Wavulana nao wapeni vijiti wacheze kirumbizi kama wanavyoona harusini. Dakika ishirini za kirumbizi zinatoa jasho.

Hatari za msimu huu ziko kwingine. Jiko la makaa lililoingizwa ndani kwa ajili ya mvua hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Mtoto asicheze wala asilale chumba hicho. Ngazi na dari, yaani mapaa bapa ya juu ya nyumba, zikirowa zinateleza, kwa hiyo mbio za darini zisubiri zikauke. Radi ikisikika, wote ndani, na wakae nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho. Mawimbi ya Shela wakati wa kusi si ya mtoto kuogelea peke yake. Mapipa ya maji yafunikwe: waliokuwepo 2004 wanakumbuka chikungunya ilivyotulaza mji mzima, na mbu wake huuma mchana, watoto wakiwa wanacheza.

Mwenye pumu naye acheze, dawa yake ya kuvuta ikiwa karibu. Ila mtoto yeyote anayezimia akikimbia, anayelalamika maumivu ya kifua, au anayepiga mluzi kifuani na kukohoa usiku kila baada ya kucheza, mleteni kituo cha afya apimwe kabla ya kuendelea.