Kupima kama websaiti inatumika kirahisi: dhana potofu na ukweli wake

Jamani tuongee kidogo kuhusu hili, maana kuna mambo watu wanayarudia kila siku kwenye kazi za websaiti na sio kweli, na wanaoumia ni wale wanaokuja kuitumia.

Dhana: ikipendeza kwa macho basi inatumika vizuri

Hapana kabisa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 hakiulizi kama rangi zimekaa vizuri, kinauliza kama mtu fulani, mwenye lengo fulani, kwenye mazingira fulani, anakamilisha alichokuja kufanya, anatumia nguvu na muda kiasi gani, na anaondoka ameridhika au la. Ndo maana mtu akikuuliza "hii websaiti ni rahisi?" na wewe muulize, rahisi kwa nani, na anataka kufanya nini? Bila hayo mnabishania tu nani anapenda nini.

Dhana: hiuristiki ni orodha ya kutiki tiki tu

Hiuristiki ni kanuni za jumla za kukagulia. Jakob Nielsen na Rolf Molich, wataalamu wa kupima urahisi wa kutumia mifumo ya kompyuta, walileta njia hii mwaka 1990, na zile kanuni 10 ambazo watu wengi wanazitumia mpaka leo Nielsen alizipanga upya mwaka 1994. Kanuni ya kwanza inasema mfumo umwonyeshe mtu kinachoendelea. Sasa chukua batani ya kulipia, mtu anabonyeza, hakuna kinachobadilika, anabonyeza tena, kumbe amelipa mara mbili. Hapo hutiki ndiyo au hapana ukaendelea, unaandika tatizo liko ukurasa gani, linavunja kanuni ipi, na ni zito kiasi gani kuanzia 0 mpaka 4, ambapo 4 ni balaa linalotakiwa kurekebishwa kabla websaiti haijaenda hewani. Hilo la kulipa mara mbili mimi naliweka 4 bila kufikiria mara mbili.

Dhana: mtaalamu mmoja mzuri anatosha

Hatoshi. Nielsen alipojumlisha miradi kadhaa aliona mkaguzi mmoja anakamata wastani wa asilimia 35 tu ya matatizo, hivyo akashauri wawe 3 mpaka 5. Na kila mmoja akague peke yake kwanza, mkikaa pamoja mapema wote mtaona kile alichokiona mwenye sauti kubwa.

Dhana: persona ni picha ya mtu, umri, na vitu anavyopenda

Hii ndo inaniuma zaidi. Persona ni mtu wa kubuni anayewakilisha kundi la watumiaji wa websaiti. Alan Cooper, mbunifu wa programu za kompyuta, alipozitangaza persona kwenye kitabu chake cha mwaka 1999 lengo lilikuwa timu iache kusema "yuza" kwa ujumla, maana huyo yuza wa jumla anageuka kuwa chochote mnachotaka, leo ni mjuzi wa kompyuta, kesho hajui hata kuskroli, kutegemea nani anatetea wazo lake. Persona inatoka kwenye mahojiano na kuangalia watu halisi, na kinachobeba uzito ni lengo lake, kifaa anachotumia, anajua nini na anaogopa nini. Mzee anayetafuta tarehe ya kliniki, simu ndogo, macho hayaoni vizuri, anaogopa akibonyeza vibaya atafuta kila kitu. Huyo sasa unaweza kukagua kwa niaba yake! Kwamba anapenda muziki gani, haikusaidii kitu.

Dhana: senario ni maelekezo ya hatua kwa hatua

Ukimwambia mtu "fungua menyu ya Huduma, chagua Miadi" umeshamfanyia kazi nzima, hujapima chochote. Senario inatoa hali na lengo tu: umepokea meseji kwamba daktari hatakuwepo siku uliyopangiwa, tafuta siku nyingine. Usitumie hata maneno yaliyoandikwa kwenye batani.

Na hapa ndo vitu vitatu, hiuristiki, persona na senario, vinakutana. Unamchukua yule mzee, unampitisha kwenye hiyo senario, na kila hatua unajiuliza: atajua anatakiwa kufanya nini hapa? Ataiona batani? Ataelewa kwamba ndo yenyewe? Akishabonyeza, atajua kwamba amesogea? Likija jibu la hapana, hiuristiki zinakusaidia kusema kwa nini, na persona inakuonyesha linamuumiza nani.

Dhana: mkishakagua hivi hamhitaji tena kuleta watu halisi waijaribu

Mnawahitaji. Wakaguzi wanaona matatizo mengine ambayo hayamsumbui mtu yeyote, na wanapitwa na mengine ambayo hata hamkuyawaza. Ila anzeni na ukaguzi, rekebisheni yaliyo wazi, ndo mlete watu, wasije wakapoteza muda wao wote wamekwama kwenye fomu ambayo nyie wenyewe mlishaiona ina shida.