Je, wajua? Viatu vya klipu huangusha watu kwenye taa nyekundu, si mteremkoni

Mtu anayejifunza kuendesha baiskeli kwa pedeli za klipu, yaani zile zinazoishika soli ya kiatu kwa chuma na springi, kwa kawaida haanguki anapoteremka kwa kasi kutoka Kimara kuelekea Ubungo, jijini Dar es Salaam, wala anapokata kona. Huanguka akiwa amekwisha kusimama. Huanguka kwa ubavu, mikono yote miwili ikiwa bado imeshika usukani, na hupata muda wa kutosha kufahamu kwamba anaanguka lakini si wa kutosha kulizuia jambo hilo. Kwa nini iwe hivyo, ilhali akili inatuambia kwamba hatari ya kufungwa miguu ingepaswa kuongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka?

Mimi nilianguka hivyo kwenye taa za makutano ya Morocco, jijini humohumo, asubuhi ya Jumapili, nikiwa na wiki moja tu ya kuvaa viatu hivyo. Dereva wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu alishuka, akaninyanyulia baiskeli, akaniuliza: “Pole sana kaka, mguu ulinasa?” Nilimjibu kwamba ndiyo, ulinasa. Kwa miezi kadhaa niliendelea kuliamini jibu hilo, nikalegeza springi za pedeli mpaka mwisho wake, na nikawashauri wenzangu wafanye vivyo hivyo. Jibu langu halikuwa sahihi, na naona ni haki kulisahihisha kwa kirefu, kwa sababu karibu kila anayeziangalia pedeli hizi kwa mara ya kwanza hufikia hitimisho lilelile.

Historia inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Charles Hanson wa Marekani alipata hataza ya pedeli ya namna hii mwaka 1895, lakini kwa miongo mingi waendesha baiskeli wa mashindano waliendelea kutumia vizimba vya chuma vyenye mikanda ya kukaza, na vizimba hivyo ndivyo vilivyoitwa klipu. Ndiyo maana Waingereza huziita pedeli za sasa kuwa ni pedeli “zisizo na klipu”, jina ambalo kwa anayejifunza leo linaonekana kusema kinyume cha kile anachokiona. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Cinelli ya Italia ilitoa pedeli iliyomlazimu mpandaji kuinama na kusogeza kishikio kidogo kwa mkono ili mguu utoke. Mwaka 1984 kampuni ya LOOK ya Ufaransa ilitoa pedeli ambayo mguu uliweza kutoka wenyewe, na mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akiitumia. Kampuni ya Shimano ya Japani ilifuata mwaka 1990 kwa mfumo wa SPD, ambao chuma chake ni kidogo na hukaa ndani ya soli, hivyo mtu anaweza kutembea nao mpaka dukani.

Katika historia hiyo kuna jambo moja ambalo lingepaswa kunizindua mapema. Kabla ya kuingia kwenye baiskeli, LOOK walikuwa watengenezaji wa vifungo vinavyoshika kiatu kwenye mbao za kutelezea theluji, na kifungo cha aina hiyo hupimwa ubora wake kwa namna kinavyomwachia mtu anapoanguka, ili mguu usivunjike. Pedeli ya klipu, kwa hiyo, haikutokana na kamba ya kufungia. Imetokana na kifaa kilichobuniwa kuachia, na suala ni kujua tu kinaachia kuelekea upande gani.

Chini ya kiatu hufungwa kipande cha chuma au cha plastiki ngumu kinachoitwa kliti. Ncha ya mbele ya kliti huingia chini ya ukingo wa pedeli, na sehemu yake ya nyuma hushikwa na taya lenye springi. Unapokanyaga, kliti hulisukuma taya lirudi nyuma, kisha taya hurejea mahali pake na kufunga kwa mlio mfupi. Springi hiyo hufanya kazi ya kusukuma mbele na kurudi nyuma. Haisukumi juu wala chini. Anayevuta mguu juu hashindani hasa na springi, bali na ukingo wa chuma uliolala juu ya kliti. Lakini anayezungusha kisigino nje, mbali na baiskeli, huzigeuza kona za kliti zikalikabili taya na kulisukuma nyuma kama kabari, na mguu hutoka.

Mfano ulionisaidia kulielewa jambo hili ni balbu ya pini, ile tunayoiweka kwenye holda za dari katika nyumba nyingi hapa mjini. Ukimwagiza mtu ambaye hajawahi kuiona aitoe, naye akaivuta chini, atavuta mpaka holda yenyewe ing’oke, na balbu itabaki mahali pake. Anayejua huisukuma kidogo, huizungusha kwa pembe ndogo, nayo huanguka kiganjani bila nguvu yoyote. Hatusemi kwamba balbu ya mtu wa kwanza imenasa. Tunasema hakujua inavyotolewa. Mfano huu una mpaka wake, na mpaka wenyewe una mafunzo: balbu huzungushwa wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, kwa hiyo aliyeiweka amekwisha kujifunza namna ya kuitoa. Kliti haiko hivyo. Huingia kwa kukanyagwa wima na hutoka kwa kuzungushwa, hivyo kuingia mara mia hakumfundishi mtu lolote kuhusu kutoka.

Hapa ndipo kosa langu kuhusu springi linapoonekana. Kuilegeza springi hupunguza nguvu inayohitajika kwa yule anayezungusha. Kwa yule anayevuta wima husaidia kidogo sana. Na hata nguvu ya kuzungusha si tatizo kubwa, kwa sababu kutoka kwenye kliti hadi kisigino kuna umbali wa sentimita 15 hivi au zaidi, na umbali huo unafanya kazi kama mpini wa spana. Kiatu chenyewe ndicho spana. Zipo kliti chache zinazoachia kuelekea pande zaidi ya moja, mojawapo ikiwa ile ya Shimano iitwayo SH56, na mwanafunzi atafaidika nayo, lakini hata hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kwa anayepinda mguu kuliko kwa anayeunyanyua moja kwa moja.

Kuna pia nafasi ya uhuru, yaani digrii kadhaa ambazo kisigino huzunguka bila kukutana na springi, ili goti lisiumizwe kwa kulazimishwa njia moja. Mtu aliyeshtuka akazungusha kidogo tu huimaliza jitihada yake yote ndani ya nafasi hiyo, akadhani pedeli imekataa, kumbe alikuwa hajaifikia. Kwenye kliti za LOOK Keo nyeusi haina uhuru wowote, ya kijivu ina digrii 4.5, na nyekundu ina digrii 9. Kwenye kliti za Shimano za baiskeli za mbio, nyekundu ndiyo isiyo na uhuru, ya buluu ina digrii 2, na ya njano ina digrii 6. Rangi nyekundu, basi, ina maana zinazopingana kabisa kwa kampuni hizo mbili, na anayenunua viatu vya mtumba vilivyokwisha kufungwa kliti anapaswa kusoma maandishi ya kliti yenyewe badala ya kuamini rangi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini isitengenezwe pedeli inayoachia kwa kuvutwa juu, kama mguu unavyotaka. Sababu ni kwamba mtu anayesimama juu ya pedeli na kukimbiza baiskeli kwa nguvu zake zote huvuta mguu wa nyuma kweli, na mguu ukichomoka wakati huo, kwenye kasi, hapo ndipo pangekuwa na hatari ambayo wengi huiwazia. Jambo hili lisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba kuvuta juu huongeza nguvu katika mwendo wa kawaida. Utafiti wa Thomas Korff na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waendeshaji walioagizwa kuvuta pedeli juu walielekeza nguvu zao vizuri zaidi kwenye krenki, yaani mikono ya chuma inayobeba pedeli, lakini miili yao ilitumia nishati nyingi zaidi kwa kazi ileile. Walikuwa watu wachache, wakiendesha kwa mwendo usiobadilika, kwa hiyo utafiti huo haufai kunyooshwa mpaka kwenye mashindano ya mita 200.

Tumekwisha kuona kwa nini mguu hautoki. Bado hatujaeleza kwa nini taa nyekundu, na hili linatutaka tujue kwanza ni nini kinachoizuia baiskeli isianguke. Wengi tulifundishwa kwamba ni mzunguko wa magurudumu, kama pia ya kuchezea watoto inavyosimama inapozunguka. Mwaka 1970 mkemia wa Uingereza, David Jones, alieleza jinsi alivyofunga kwenye baiskeli gurudumu la ziada lililozunguka kinyume ili kulifuta tokeo hilo la mzunguko, na bado aliiendesha bila shida. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell nchini Marekani na Delft nchini Uholanzi walionyesha baiskeli ndogo, isiyo na mpandaji, iliyojisimamia yenyewe ikienda ingawa tokeo hilo lilikuwa limeondolewa. Hawakudai kwamba wamepata sababu moja rahisi ya uthabiti huo. Lakini kinachomsimamisha mpandaji kinafahamika: baiskeli ikiinamia kushoto, usukani hugeukia kushoto, na magurudumu hurudi chini ya uzito.

Mwanamke aliyejitwika ndoo ya maji hufanya jambo hilohilo. Ndoo ikielemea upande mmoja, haivuti kwa shingo. Hupiga hatua ndogo upande huo, na miguu yake hurudi chini ya ndoo. Baiskeli hupiga hatua hiyo kwa gurudumu la mbele, na gurudumu haliwezi kupiga hatua bila kubingirika. Kwenye mwendo mkubwa, pindo dogo la usukani, dogo kiasi kwamba mpandaji mwenyewe halioni, hulipeleka gurudumu pembeni kwa haraka. Mwendo ukipungua, pindo hulazimika kuwa kubwa, ndiyo maana baiskeli huyumba inapokaribia kusimama. Mwendo ukifika sifuri, unaweza kuugeuza usukani upendavyo na baiskeli isirudi chini yako. Ni kama yule mama ambaye nyayo zake zimegandishwa kwenye saruji.

Kuanzia sekunde hiyo unabaki na mguu tu, na muda ni mfupi kuliko unavyohisi. Tukichukulia kwamba kitovu cha uzito cha mtu pamoja na baiskeli kipo mita 1 hivi juu ya lami, hesabu ya kawaida ya fizikia inaonyesha kwamba mwinamo wa digrii 1 hukua hadi digrii 10 kwa karibu sekunde 1, kisha hutoka digrii 10 hadi 30 kwa karibu theluthi moja ya sekunde. Sehemu kubwa ya muda huo huisha wakati hujahisi lolote. Unapohisi, mwili hauulizi akili. Hutumia njia uliyoizoea tangu utotoni kwenye pedeli bapa, yaani kunyanyua mguu wima, na hiyo ndiyo njia ambayo kifaa hiki hakiifungui. Kwenye mteremko wa Kimara hukuuhitaji mguu kabisa, kwa sababu usukani ulikuwa ukifanya kazi yake.

Kwa Dar es Salaam kuna jambo moja la kuongeza. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mguu wa kutoa mapema ni wa kushoto, ili kama utaegemea au hata kuanguka, iwe upande wa mtaro na si upande wa daladala. Anayejifunza kwa video kutoka Ufaransa ataona mguu wa kulia ukitolewa, na kwa barabara zao ni sahihi. Lakini lami huinama kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yatoke, na mguu wa kushoto huikuta ardhi ikiwa chini kidogo kuliko ulivyotarajia. Ni vyema kuutoa ukiwa bado unabingirika, mita 20 au zaidi kabla ya taa, kisha uinamishe baiskeli kidogo upande huohuo kwa makusudi. Aliyetoa mguu wa kushoto na kuelemea kulia ataanguka kama aliyefungwa yote miwili.

Lipo tukio moja ambalo dereva wa bodaboda angekuwa na haki ya kusema mguu umenasa. Kliti za SPD hufungwa kwa bolti mbili. Moja ikichomoka njiani, kiatu huzunguka juu ya bolti iliyobaki huku kliti ikiwa imetulia ndani ya pedeli, na hapo hata anayezungusha kisigino ipasavyo hatoki. Njia ni kuvua kiatu na kukiacha kwenye pedeli. Bolti hizo zinafaa kukaguliwa mara kwa mara, hasa kwa wanaoendesha kando ya bahari, Coco Beach na Toure Drive, ambako mchanga huingia kwenye taya na hewa ya chumvi huila springi.

Na wapo wanaosimama kwenye taa bila kutoa mguu hata mmoja, kama wafanyavyo wakimbizaji wa baiskeli kwenye viwanja vya mbio. Ukiwatazama kwa makini utaona kwamba hawajasimama. Gurudumu la mbele wamelipinda sana, na baiskeli inasogea sentimita chache mbele, kisha inarudi sentimita chache nyuma. Mwenye baiskeli isiyo na friwili, yaani ile ambayo pedeli huzunguka na gurudumu la nyuma wakati wote, huirudisha kwa pedeli. Mwenye friwili hulielekeza gurudumu kwenye mpando mdogo wa lami, na mwinamo wa barabara ukamrudisha. Kwa kuwa gurudumu limepindwa, kila sentimita ya kwenda mbele huleta pia sehemu ya sentimita ya kwenda pembeni, na hatua hiyo inatosha kulirudisha chini ya uzito.