Kiburi, Madaraka na Unyenyekevu: Dhana Potofu na Ukweli wa Maandiko

Onyo la Mithali 16:18, kwamba kiburi hutangulia uangamivu, hunukuliwa zaidi kuliko linavyochunguzwa, na mara nyingi anayelinukuu huwa anamtazama mtu mwingine. Ndiyo maana zimeota mizizi dhana kadhaa ambazo Biblia yenyewe haiziungi mkono.

Dhana: Biblia inalaani cheo na mafanikio.

Kisa cha Uzia, mfalme wa Yuda, katika 2 Nyakati 26, kinaonyesha vinginevyo. Alitawazwa akiwa na umri wa miaka 16, akatawala miaka 52, akajenga minara, akachimba visima na kupenda kilimo, na mwandishi hamlaumu kwa lolote kati ya hayo. Anasema wazi kwamba ufanisi ule ulitoka kwa Mungu. Lawama inaanza pale moyo wake ulipotukuka, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi iliyokuwa ya makuhani peke yao. Kuhani Azaria na wenzake 80 walipomzuia, Uzia alighadhibika akiwa bado ameshika chetezo, na ni katika ghadhabu hiyo ndipo ukoma ulipomtokea kwenye paji la uso.

Mlinganishe na Daudi, ambaye kosa lake la kumtwaa mke wa Uria, kisha kupanga kifo cha Uria mwenyewe, lilikuwa zito kuliko kufukiza uvumba kwa kipimo chochote cha kibinadamu. Alipokemewa na nabii Nathani alikiri dhambi yake, wala hakumkumbusha nabii kwamba anazungumza na mfalme. Kwa maoni yangu, tofauti ya wafalme hawa wawili inakieleza kiburi vizuri kuliko orodha yoyote ya tabia: mwenye kiburi ni yule ambaye hapana tena awezaye kumkosoa.

Dhana: Mnyenyekevu hajitetei.

Huko Filipi, Paulo na Sila walipigwa kwa bakora hadharani bila kuhukumiwa, ilhali walikuwa raia wa Rumi. Kulipokucha, mahakimu walituma watu wawafungue kimyakimya, lakini Paulo alikataa kutoka mpaka mahakimu waje wenyewe (Matendo 16). Ni Paulo huyohuyo aliyeliandikia kanisa la mji huohuo kwamba Kristo alijinyenyekeza hata mauti ya msalaba, na hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Dhana hii ni ya hatari hasa inapohubiriwa na wenye nguvu kwa wanyonge, kwa kuwa humfanya anayedai haki aonekane kuwa ndiye mwenye kiburi.

Dhana: Kujidunisha ndiko kunyenyekea.

Wakolosai 2 inaonya juu ya unyenyekevu wa namna hiyo, wenye sura ya hekima tu. Petro naye, alipokataa kuoshwa miguu, alionekana mnyenyekevu kuliko wenzake wote, kumbe alikuwa akimpangia Bwana wake la kufanya.

Dhana: Mtu wa ibada yuko salama.

Farisayo wa Luka 18 alianza sala yake kwa kumshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine, na mitume walibishana juu ya nani aliye mkubwa wakiwa kwenye karamu ya mwisho. Gregori Mkuu, aliyekuwa papa kuanzia 590, alikiona kiburi kuwa mzizi wa maovu yote na akajiita mtumishi wa watumishi wa Mungu. Cheo hicho cha unyenyekevu bado kinatumika, ingawa si kila aliyekirithi alikitendea haki.

Dhana: Mtawala akikubali kukemewa, heshima yake hushuka.

Mwaka 390, baada ya askari wa Kaisari Theodosius kuua maelfu ya watu Thesalonike, Askofu Ambrosi wa Milano alimwandikia barua ya faragha kumweleza kwamba hangeweza kuadhimisha sadaka takatifu mbele yake mpaka atubu. Simulizi mashuhuri ya askofu kumzuia kaisari mlangoni mwa kanisa ilikuja baadaye; barua ndiyo iliyotangulia, na kaisari alitubu hadharani. Theodosius alipofariki mwaka 395, Ambrosi alihubiri katika maombolezo yake, akasema kwamba alimpenda mtu huyo kwa sababu alimthamini anayemkemea kuliko anayemsifu.