Yasome Kwanza Mawimbi ya Ubongo Kabla ya Kuyafundisha

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja na binti yake wa miaka 8. Kabla hajaketi alinipa simu nitazame tangazo alilotumiwa kwenye kundi la wazazi: mtoto kavaa kofia ya nyaya, anaangalia katuni, na chini yake maandishi yanayoahidi kuufundisha ubongo kutulia bila dawa yoyote. "Daktari, mwalimu wake anasema huyu darasani mwili upo, akili haipo. Nataka afanyiwe hiki." Ndugu walikuwa wameshamchangia nusu ya gharama.

Tiba hiyo inaitwa nyurofidibaki. Kazi yangu ni kupima na kusoma mawimbi ya ubongo, kwa hiyo swali hili hufika mezani kwangu mara nyingi, nami hulijibu harakaharaka kwa sababu ya foleni iliyo nje. Leo nalijibu kwa nafasi.

Kabla ya lolote nilitaka kumpima binti mawimbi yake, na tulianza na nywele. Binti alikuwa amesukwa twende kilioni, na mama alisikitika niliposema zifumuliwe, maana zilikuwa za juzi tu. Lakini elektrodi, kile kisahani cha kunasa umeme wa ubongo, lazima iguse ngozi ya kichwa. Umeme tunaoutafuta ni mdogo mno: betri ya rimoti ina volti 1.5, ilhali mawimbi yanayofika juu ya ngozi ni mikrovolti 10 hadi 100 hivi, na mikrovolti moja ni volti iliyogawanywa mara milioni. Mafuta ya nywele na rasta hutosha kuyapoteza. (Mwaka 2020, Arnelle Etienne na wenzake wa Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha elektrodi zinazobanwa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Natamani zienee, watoto wetu wapimwe bila kufumuliwa.)

Kisha nikamwambia binti afumbe macho. Mistari ya nyuma ya kichwa, iliyokuwa ikitetemeka ovyo kwenye skrini, ikajipanga na kupanda na kushuka kama mara 9 kwa sekunde. "Fumbua." Ikavurugika. Mama akasogeza kiti karibu.

Hayo ni mawimbi ya alfa, ya mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Aliyeyagundua ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena, Ujerumani, aliyepata rekodi ya kwanza ya ubongo wa binadamu mwaka 1924 akaichapisha mwaka 1929. Alipokuwa kijana jeshini, Berger alianguka kutoka kwenye farasi akaponea chupuchupu. Siku hiyohiyo baba yake akampelekea telegramu kumjulia hali, kwa kuwa dada wa Berger alikuwa ameingiwa na hofu juu yake. Berger akaamini kwamba akili moja inaweza kuitumia nyingine ujumbe, na kutafuta nguvu hiyo ndiko kulikomfikisha kwenye mawimbi haya.

Alfa ina wenzake. Delta, chini ya mara 4 kwa sekunde, hutawala usingizi mzito. Theta, mara 4 hadi 8, huongezeka mtu anaposinzia. Beta, mara 13 hadi 30, mtu akiwa macho na shughuli zake. Matangazo huyapa tabia, theta ikawa uvivu na beta ikawa akili. Ubongo hauendi hivyo. Mawimbi haya huchanganyika muda wote, yakizidiana kwa wingi na kwa mahali, na theta nyingi ya mtoto wa miaka 6 ambayo ni ya kawaida kabisa ingenitia wasiwasi kama ningeiona kwa baba yake.

Nyurofidibaki huongeza jambo moja juu ya kipimo hiki: mtu huonyeshwa mawimbi yake papo hapo, kwa sura anayoielewa. Kompyuta hupima, tuseme, theta na beta. Theta ikipungua na beta ikapanda, katuni inang'aa; mambo yakienda kinyume, picha inafifia. Mtoto haambiwi afanye nini. Anaitafuta mwenyewe ile hali, kama anavyotafuta mizani ya baiskeli, na akituzwa mara nyingi ubongo unaikariri njia. Kikao huchukua nusu saa na ushei, mara mbili au tatu kwa wiki, na kwa kawaida huwa vikao 30 hadi 40.

Kwamba ubongo unaweza kujifunza hivi sina shaka, na ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa paka. Miaka ya 1960, huko California, Barry Sterman aliwafundisha paka kutoa mdundo wa mara 12 hadi 15 kwa sekunde. Mdundo huo huonekana juu ya sehemu ya ubongo inayotawala mwendo, paka anapokuwa ametulia tuli huku macho yakiwa kazini, kama anayevizia. Kila alipoutoa, alipewa maziwa na supu. Baadaye Sterman akapewa kazi isiyohusiana kabisa na hiyo: kupima madhara ya haidrazini, fueli ya roketi inayoleta degedege. Paka waliopitia mafunzo walichelewa kushikwa na degedege kuliko wenzao. Paka hatarajii kupona wala hajasikia sifa za tiba, ndiyo maana matokeo yale yana uzito kwangu. Mwaka 1972 Sterman akachapisha habari za mwanamke wa miaka 23 mwenye kifafa, ambaye degedege zake zilipungua sana baada ya mafunzo ya mdundo huohuo. Katikati ya miaka ya 1970, Joel Lubar wa Chuo Kikuu cha Tennessee akayapeleka kwa watoto wasiotulia, wale ambao leo tunasema wana ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na utulivu.

Kwa watoto hao ndipo penye utata. Nilimwomba binti aume meno kwa nguvu. Skrini nzima ikajaa mistari iliyosongamana, na mama akashtuka. Ilikuwa misuli ya taya tu, ambayo umeme wake ni mkubwa kuliko wa ubongo na kwa kompyuta isiyo makini hufanana na beta. Kupepesa jicho nako huacha mawimbi makubwa ya taratibu. Kwa hiyo inawezekana mtoto akaing'arisha katuni kwa kukaza taya, kila mtu chumbani akapiga makofi. Vile vitepe vya kufunga kwenye paji la uso vinavyouzwa mtandaoni hukaa palepale penye misuli ya uso na macho, nami simshauri mzazi yeyote avinunue kwa ajili ya tiba.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mtoto anayepelekwa kliniki mara 38, akakaa na mtu mzima mpole anayemsifu kila anapotulia, anaweza kubadilika hata mashine ikiwa haisomi chochote. Watafiti wa Marekani walilijaribu hilo kwa watoto 144 wenye ADHD, wa miaka 7 hadi 10. Kundi moja lilicheza mchezo ulioendeshwa na mawimbi yao wenyewe. La pili lilicheza mchezo uleule ukiendeshwa na rekodi ya mtoto mwingine, ila kompyuta ilichanganya humo kupepesa na kujitikisa kwa mtoto mwenyewe, asije akashtukia. Hakujua mtoto, mzazi wala mkufunzi nani yuko kundi lipi. Wote walipewa pia ushauri wa usingizi na chakula. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na nafuu hiyo ililingana. Baada ya miezi 13 umakini wao haukutofautiana pia, ingawa waliofunzwa kwa mawimbi yao walikuwa wakihitaji dawa pungufu. Mwishoni mwa 2024 uchambuzi wa majaribio 38, wenye washiriki 2,472, ulionyesha kwamba pale ambapo wapimaji hawakujua nani kafunzwa kweli, dalili za ADHD hazikupungua kwa kiasi cha maana.

Nafuu ya wale watoto ilikuwa ya kweli. Naamini sehemu yake kubwa ilitokana na kulala vizuri, kuwa na ratiba, na mtu mzima aliyewapa muda wake wote. Mambo hayo mama huyu angeweza kuyaanza jioni ileile bila kuchangisha ndugu.

Na kwa wenye kifafa natamka bila kumung'unya maneno: mafunzo haya hayachukui nafasi ya dawa. Nimeshampokea kijana ambaye wazazi wake walimwachisha dawa ghafla baada ya kituo kimoja kuwaahidi kwamba mawimbi yake "yatanyooshwa". Alifikishwa hospitali degedege zikiwa zimefuatana kwa zaidi ya nusu saa. Dawa ya kifafa hupunguzwa taratibu, kwa maelekezo ya daktari.

Kipimo cha binti kilibakiza hatua moja. Nilimpa kipande cha karatasi nikamwambia akipulize, avute pumzi ndefu na kupuliza, kwa dakika tatu. Dakika ya kwanza alikuwa anacheka. Katikati ya ya pili karatasi ikaacha kutikisika. Macho yakabaki wazi, yamekodoa ukutani, kope zikipepesa kidogo. Kwenye skrini, kichwa kizima, mawimbi marefu yenye ncha kali yakapanda yote kwa pamoja, matatu kwa kila sekunde, kwa sekunde 11. Nilimwita jina, hakuitika. Kisha mistari ikarudi kama ilivyokuwa, naye akaendelea kupuliza karatasi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kilikuwa kifafa cha kuduwaa, na kina dawa yake. Mama alikuwa ameshika mdomo. "Hivi ndivyo anavyofanya mezani," akasema. "Mimi huwa namgombeza."