Weka chini hiyo oili chafu, tafuta panya kwanza

Kila mwaka mvua za kwanza zikikaribia, mwishoni mwa Oktoba kuingia Novemba, swali linalokuja kwenye simu yangu ni lile lile, liwe limetoka Isevya, Ipuli au Urambo, huku kwetu Tabora: nimwage nini nyoka wasije kwangu? Wengine huwa wameshamwaga. Oili chafu imezungushwa kwenye msingi, mafuta ya taa yamenyunyizwa pembeni, chumvi ya mawe mlangoni, vitunguu saumu vimepondwa dirishani, na tairi linafuka nyuma ya banda la kuku.

Hakuna cha kumwaga. Najua jibu hili linavunja moyo, hasa kwa mtu ambaye ameshanunua, lakini ndivyo ilivyo. Nyoka hunusa zaidi kwa ulimi. Ulimi huchukua chembechembe za harufu hewani na ardhini, kisha hupelekwa kwenye kiungo maalumu kilichopo juu ya kaakaa. Kwa hiyo oili yako anaisikia, na bado ataivuka akiwa anafuata panya. Kinachobaki ni udongo uliochafuka, na kama una kisima uani, maji nayo yamo hatarini.

Kazi yangu ni kuondoa nyoka majumbani hapa Tabora. Nikifika kwa mtu, kama nyoka ametulia na watu wamekaa mbali naye, huomba kwanza nionyeshwe chakula kinawekwa wapi. Gunia la mahindi limeegemezwa ukutani. Pumba ya kuku ipo kwenye ndoo isiyo na mfuniko. Karanga zilianikwa mchana zikalala nje. Nikisogeza gunia nakuta vinyesi vya panya, vingine bado vibichi, na hapo nimeshajua nyoka alifuata nini.

Panya shamba tunaowaona huku, wale wa kahawia wenye tumbo la kijivu, jike lake linaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo mmoja. Mahindi yakishavunwa na shamba kubaki tupu, panya huyafuata yalikohamia, yaani ndani kwako. Wakishatulia, swila na nyoka wengine wanaokula panya huwafuata hadi humo humo. Ile mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana dhidi ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani (na sisi Tabora dumuzi tulimjua kabla ya wenzetu wa mikoa mingine), lakini panya huitoboa kwa meno usiku mmoja. Iingize ndani ya pipa la bati lenye mfuniko, au kwenye kihenge kilichoinuliwa kwa miguu mirefu, kila mguu ukavalishwa bati lililopanuka kama mwavuli ili panya akipanda akwame. Tega mitego ukutani, kwa sababu panya hupenda kutembea akigusa ukuta. Sumu ya panya siipendekezi hata kidogo penye watoto na kuku. Panya aliyekula sumu huliwa na paka wako, au na bundi, nao wakafa. Najua bundi akilia juu ya paa kuna nyumba hazilali. Hata hivyo bundi mmoja mwenye makinda anakula panya wengi kuliko mitego yako yote, na mimi humwombea kila mwenye nyumba amwache aishi.

Vyura nao ni chakula. Bomba linalovuja, maji ya bafu la nje yanayotuama, shimo la matofali lililojaa maji ya mvua: vyura watakuja, na kifutu mdogo atakuja kula vyura. Fukia, au elekeza maji yale kwenye migomba iliyo mbali na mlango.

Baada ya chakula, maficho. Hapa watu wa Tabora tuna mazoea yetu. Tunafyatua matofali, tunayapanga uani tukisubiri pesa ya kujenga, na yanakaa miaka. Tunarundika mabati chakavu. Kwa wenzetu wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge, kuni za bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, hukaa chini kwa wiki nyingi kabla ya kuchomwa. Lundo la namna hiyo lina kivuli, lina joto usiku, lina panya ndani yake. Kama huwezi kuliondoa, lisogeze mbali na nyumba, na kuni zipange juu ya magogo mawili ili chini kupite hewa na mwanga. Unapotaka kuinua bati au ubao uliokaa muda mrefu, tumia jembe badala ya vidole, na uinue ule upande ulio mbali nawe, ili ubao wenyewe ubaki kama ngao kati yako na kilichomo chini yake. Jambo hili dogo nalisisitiza kuliko mengi, maana watu wengi huumwa mkononi wakiokota kuni.

Kichuguu ni habari nyingine. Kichuguu kilichohamwa na mchwa kinaweza kuwa makazi ya koboko, na koboko ana mazoea: hutoka mchana, huota jua asubuhi, na hurudi kwenye shimo lile lile siku hadi siku akiachwa kwa amani. Kabla ya kukibomoa kwa ajili ya udongo wa matofali, kitazame kwa mbali asubuhi kadhaa. Ukimwona mrefu, rangi ya majivu au ya kahawia hafifu, anaingia na kutoka, simamisha kazi na umwite mtaalamu. Weusi wa koboko mweusi upo ndani ya mdomo, usitegemee kuuona mgongoni. Na hizi hadithi kwamba anamkimbiza mtu kilometa nzima, mimi siziamini. Ukimwona anakuja upande wako kwa kasi, mara nyingi umesimama kati yake na shimo lake. Mpishe.

Kwenye nyumba yenyewe, tazama chini ya mlango. Upenyo wa kidole kimoja unamtosha nyoka mwembamba. Misumari michache na kipande cha mpira wa tairi kwenye ukingo wa mlango vinamaliza tatizo kwa gharama ndogo sana. Ziba nyufa za ukuta wa tofali mbichi, weka wavu kwenye matundu ya hewa na kwenye bomba la kutolea maji, funika chemba. Miembe sisemi ikatwe. Tabora bila miembe si Tabora. Ila tawi linalogusa bati likatwe, libaki umbali wa mita mbili hivi.

Kuna hatari moja ambayo kwangu inazidi zote, nayo ni kulala chini. Swila anayetema huingia usiku akifuata panya. Hana haja na mtu. Lakini aliyelala kwenye mkeka akigeuka, mkono ukamwangukia, anang'atwa akiwa usingizini, na mara nyingi ni mtoto. Kitanda, hata cha kamba, kinamwondoa mtoto kwenye njia ya nyoka. Chandarua kile kile cha mbu, pindo zake zikiingizwa chini ya godoro pande zote, ni ukuta wa pili. Kama kitanda hakipo bado, basi chandarua na godoro, na mahindi yahamishwe kutoka chumba cha kulala leo hii. Familia nyingi hulala na magunia kwa kuogopa wezi. Naelewa hofu hiyo, ila nawasihi sana mtafute chumba kingine.

Usiku ukienda chooni, washa tochi na uvae viatu vilivyofunika vidole. Kifutu hakimbii akisikia vishindo, hujilaza akitegemea rangi yake imfiche, na ukimkanyaga anauma kufumba na kufumbua. Usimtegemee mbwa akuonye pia. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba kifutu aliyetulia ananuka kidogo mno, kiasi kwamba wanyama wenye pua kali kama mbwa walimpita bila kumtambua.

Sasa, wapo nyoka wa nyumbani ambao naumia kuwaona wameuawa. Yupo yule wa kahawia, mwembamba kiasi, wengi wao wana mistari miwili myeupe inayopita kichwani karibu na macho. Hana sumu na anakula panya. Yupo mla mayai, hana meno ya maana, akitishwa anasugua magamba yake mpaka yanatoa sauti ya kutisha, na kwa kuwa madoa yake yanafanana na ya nyoka wenye sumu, hupigwa rungu mara tu anapoonekana. Lakini sikuombi ujifunze kuwatofautisha kwa kuwasogelea. Hasa wadogo weusi wanaotoka ardhini mvua ikishanyesha. Wengine ni nyoka vipofu wanaokula mchwa, hawana madhara. Mwingine anafanana nao sana, jamii ya Atractaspis, ana meno marefu anayoweza kuyachomoa pembeni mwa mdomo bila hata kuufungua sawasawa. Ukimshika nyuma ya kichwa, kama wanavyofanya watu kwenye video, anakuchoma hapo hapo, na kuna waliopoteza kidole. Sumu yake haina antivenomu, yaani sindano ya kuizima. Nyoka mdogo haokotwi, basi.

Juu mitini yupo mwingine, macho makubwa kuliko kawaida, dume mara nyingi kijani, jike kahawia, anayewinda vinyonga na ndege. Jina lake la kitaalamu ni Dispholidus typus. Ni mpole na huuma mara chache, ndiyo maana zamani hata wataalamu walimdharau. Mwaka 1957 huko Chicago, Karl Schmidt, bingwa wa nyoka, aliumwa na mdogo wa aina hii, akaandika dalili zake mwenyewe badala ya kutafuta tiba, na kesho yake akafa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Sumu yake huzuia damu kuganda, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Aliyeumwa akajisikia mzima asirudi nyumbani.

Ukimkuta nyoka ndani, simama. Rudi nyuma taratibu, toa watoto, mwache mtu mzima mmoja amwangalie kwa mbali ili asipotelee stoo, na uweke nguo au taulo kuziba chini ya mlango wa ndani. Mlango wa nje uache wazi, mara nyingi anatoka mwenyewe. Swila anayetema hulenga macho kutoka mita mbili na zaidi, kwa hiyo anayebaki kumwangalia avae miwani ya aina yoyote. Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20 bila kusugua, kisha hospitali. Kama kuna mtu ameshamuua, kichwa kisishikwe. Kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda. Chatu mwite afisa wanyamapori wa halmashauri.

Mtu akiumwa, usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usimwagie petroli. Vua pete, bangili na shanga mapema, kwa sababu kiungo kitavimba. Kifunge kwenye kipande cha ubao kisichezecheze, kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika. Jiwe jeusi ni mfupa uliochomwa. Linanata kwenye jeraha kwa sababu linafyonza majimaji, ila sumu imeshaingia ndani ya nyama. Watu huliamini kwa sababu kuna kuumwa kusikotia sumu kabisa, na kuna nyoka wasio na sumu, na aliyepona hapo hulisifu jiwe. Wayeye wetu, wale wacheza nyoka wa jadi, nawaheshimu kwa kuzijua tabia za nyoka, nami nimesikiliza mengi kutoka kwao. Aliyeumwa, hata hivyo, namsihi aanzie hospitalini. Sumu ya koboko hulegeza misuli, kope zinashuka, kumeza kunashindikana, kisha pumzi. Saa zilizopotea kwa mganga hazirudi.

Bodaboda ni usafiri unaofaa kwa hili. Mgonjwa akae katikati, dereva mbele, mtu mwingine nyuma akimshikilia. Usipoteze muda kumtafuta nyoka ili umpeleke kwa daktari. Daktari atafuata dalili, na anaweza kuweka damu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo kwa dakika 20 kuona kama inaganda. Mzazi asishangae pia mtoto mdogo akipewa dozi sawa na ya mtu mzima, kwa kuwa antivenomu hupimwa kwa sumu inayotakiwa kuzimwa, na nyoka hakumpunguzia mtoto.

Hayo yote yanategemea dawa kuwepo. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, ipo mjini, lakini kutoka vijiji vya Kaliua ni safari ndefu, mvua ikinyesha ndefu zaidi. Kwa hiyo kabla ya Novemba nenda kituo cha afya cha kwenu, uulize kama wana sindano ya sumu ya nyoka, na kama hawana, ya karibu inapatikana wapi. Kisha tafuta mwenye gari au bodaboda anayepokea simu hata saa nane usiku, na namba yake uiandike ukutani, kwa sababu simu yako inaweza kuwa imezima.