Seli nyeupe 9.8 kwa mgonjwa wa moyo, usiseme "kawaida tu"

Juzi intern mmoja (daktari aliye mafunzoni) kaniletea FBP, kipimo cha kuhesabu seli za damu, ya mzee aliyeingia usiku kifua kinambana, troponini (protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia) iko juu, ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaonyesha kabisa mshipa wa moyo umeziba, alafu akaniambia "ila dokta seli nyeupe ni 9.8 (yani elfu 9.8 kwa kila mikrolita ya damu), kawaida tu." Hapo kwenye kawaida ndo nataka tukae kidogo.

Mshipa ukiziba, misuli ya moyo inaanza kufa, na seli zinazokufa zinamwaga vilivyomo ndani yake, mwili unavisoma kama kengele ya hatari. Ndani ya masaa machache neutrofili, aina ya seli nyeupe, zishafika. Zinabingirika kwenye ukuta wa mshipa, zinanata, zinapenya, zinamwaga vimeng'enya na kemikali kali za kuua bakteria, sasa pale bakteria hamna, kinachoungua ni misuli ya jirani ambayo ilikuwa bado hai na ingepona. Kuna na hili: mwaka 2004 watafiti wa Berlin walionyesha neutrofili inaweza ikajipasua ikatupa DNA yake nje kama wavu wa kunasa vijidudu, na baadae wavu huohuo ukakutwa ndani ya mabonge ya damu yaliyotolewa kwenye mishipa ya moyo. Unanasa chembe sahani (zile za kugandisha damu), bonge linakaza. Inachangia ile hali ya kwamba umeweka stenti (kibomba cha kushikilia mshipa wazi) vizuri, mshipa mkubwa umefunguka, ila vile vidogo vya mbele damu haipiti.

Ndo maana seli nyeupe zikipanda sana siku ya kwanza, mara nyingi na eneo lililokufa ni kubwa, na hatari ya moyo kushindwa kusukuma inaongezeka.

Sasa ile 4 hadi 11 iliyochapwa kwenye karatasi ya majibu kama kiwango cha kawaida imetokana zaidi na watu wa Ulaya na Marekani. Waafrika wengi neutrofili zetu kwenye damu ni chache kwa asili, ni jeni ya Duffy, hiyohiyo inayotukinga na malaria ya vivax, wala sio ugonjwa. Tukapekua faili la mzee la kliniki ya presha, FBP ya mwaka jana: 4.1. Yani zimepanda zaidi ya mara mbili na karatasi haijaweka hata alama!

Kuzizima zote sio dawa, maana seli nyeupe hizohizo ndo zinasafisha uchafu na kuanzisha kovu, steroidi (dawa za kutuliza kinga ya mwili) zilijaribiwa miaka ya 1970 ikaja hofu ya kovu kuwa jembamba na ukuta wa moyo kupasuka. Kolkisini, ile dawa ya gauti, mwaka 2019 ilitupa matumaini: kwenye wagonjwa 4,745 waliopata tatizo tena ni 5.5% dhidi ya 7.1% ya wasioitumia. Ila mwaka 2024 utafiti wa dawa hiyohiyo kwa watu zaidi ya 7,000 haukuona faida. Mi bado naamini kuwahi kufungua mshipa ndo kunaokoa misuli kuliko kidonge chochote cha kutuliza neutrofili.

Intern akaandika 4.1 kwa peni nyekundu pembeni ya 9.8, mzee tukamsogeza kitanda cha monita karibu na dawati la nesi.