Fuwele pacha si fuwele mbili zilizogandana

Wiki iliyopita kijana ninayemsaidia tasnifu yake alikuja nyumbani hapa Tabora, kompyuta kwapani. Hata "shikamoo mwalimu" haijamtoka vizuri, hukumu ilikuwa imeshatolewa: "Fuwele zangu ni pacha, ndiyo maana MR imekataa." MR ni njia ya kupata muundo wa protini kwa kuazima molekuli inayofanana nayo; nitaieleza mbele. Ni mtu wa tatu mwaka huu kuniambia hivyo. Wa kwanza nilimwelewesha, wa pili nilinyamaza.

Nikamuuliza amejuaje. Akanifungulia picha ya hadubini: vibao viwili vya fuwele ya protini vimeshikana ubavuni kama ndizi pacha. "Si unaona, mwalimu? Viwili."

Basi tuanze na maana, kwa haraka. Fuwele pacha ni fuwele yenye sehemu zilizolala kwa mielekeo tofauti, lakini vimia vya sehemu hizo (mpangilio wa molekuli unaojirudia kama macho ya wavu) vinalaliana kwa kanuni maalumu, hivyo madoa ambayo eksirei huyaacha ikipita kwenye sehemu moja yanaangukia juu ya madoa ya nyingine. Kanuni hiyo inaitwa sheria ya upacha. Kiasi cha sehemu iliyo ndogo kinaandikwa α, na kinaanzia 0 hadi 0.5.

Linalowapoteza watu ni neno lenyewe. Huku Unyamwezini, na kwa jirani zetu Wasukuma, pacha wana majina hata kabla hawajazaliwa: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na atakayezaliwa baada yao ni Shija. Kiswahili kimeyapenda majina mawili ya mwanzo hadi yakaingia kwenye kamusi, kurwa na doto. Ukishuka Kigoma utawakuta akina Bukuru na Butoyi. Kote huko msisitizo ni mmoja: watu ni wawili, yupo mkubwa na mdogo, na mama yao hawachanganyi hata kama sisi wapita njia tunawachanganya. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Tabora "fuwele pacha", anakwenda moja kwa moja kutafuta vitu viwili vya kuhesabu.

Wajerumani nao wako kwenye mtego huo huo, maana Zwilling yao ni pacha wa tumboni. Wafaransa wameukwepa. Wao husema macle, neno lililotoka kwa wachoraji wa ngao, umbo la almasi lenye tundu katikati, wala halina habari ya uzazi. Na ni Mfaransa, Georges Friedel, aliyezipanga aina za macle mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuangalia kimia cha ndani badala ya sura ya nje. Lile neno refu linalowaogopesha wanafunzi, merohedri, limetoka huko: kwa Kigiriki meros ni sehemu na hedra ni uso. Maana yake ni kwamba vilivyomo ndani ya fuwele vina sehemu tu ya ulinganifu wa kimia chake.

Sehemu tu. Tuchukue kimia chenyewe, kile cha wavuvi. Tandaza mezani wavu wenye macho ya mstatili, na katika kila jicho funga dagaa mmoja wa Kigoma, amelala kutoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia. Sasa ugeuze wavu wote kifudifudi. Macho yanakaa pale pale yalipokuwa, huwezi kujua kama umegeuzwa. Lakini dagaa sasa wamelala kutoka juu kushoto kuja chini kulia. Leta wavu wa pili ambao haukugeuzwa, uweke juu ya huu. Mtu akiangalia nyuzi anaapa kwamba ni wavu mmoja. Ni dagaa tu ndio wanaopishana.

Huo ndio upacha. Fuwele yenyewe inaweza kuwa safi, nzuri, yenye kingo kali, ukaipenda kwenye hadubini, na bado ikawa pacha nusu kwa nusu. Vile vibao vya kijana wangu, kwa upande mwingine, vilitoa seti mbili za madoa zisizolaliana, na programu ilichagua moja ikaacha nyingine. Hizo ni fuwele zilizoshikana. (Upo upacha ambao vimia hulaliana kwa sehemu tu, lakini hata huo una sheria yake. Vibao vilivyogusana kwa bahati kwenye tone havina.)

Jambo la pili linaloniudhi: katika upacha kinachojumlishwa ni nguvu za madoa, si mawimbi. Tuseme madoa mawili yanayounganishwa na sheria ya upacha yana nguvu za kweli 100 na 20. α ikiwa 0.3 utapima 76 na 44. Ikiwa 0.5 utapima 60 na 60, na hapo hakuna hesabu itakayokurudisha nyuma, kwa sababu kwenye fomula ya kuwatenganisha unagawanya kwa 1 − 2α, yaani sifuri. Vipande vikiwa vidogo kiasi kwamba mawimbi yao yanakutana na kuingiliana, huo ni mparaganyiko ndani ya kimia, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Angalia tena zile 60 na 60. Dhaifu amepanda, mwenye nguvu ameshuka. Ndiyo maana upacha hautafutwi kwa macho bali kwa takwimu. Wastani wa mraba wa nguvu ukigawanywa kwa mraba wa wastani hutoa 2.0 kwa fuwele ya kawaida na 1.5 kwa pacha kamili. Kipimo cha L, walichokitoa Padilla na Yeates mwaka 2003, hutoa 0.5 na 0.375, na hakiyumbishwi kirahisi na molekuli zilizosogezwa sambamba ndani ya kimia, jambo ambalo huivuruga ile namba ya kwanza.

Nikamwambia kijana afungue faili la matokeo. L yake ilikuwa 0.49.

Sasa MR. Ni njia ya kuazima fezi, yaani mpishano wa mawimbi ambao madoa hayauonyeshi, kutoka kwa molekuli inayofanana na yako: unaizungusha, unaisogeza, mpaka ikae mahali pake ndani ya fuwele. Upacha hupunguza ishara, lakini mara nyingi jibu la kweli bado linajitokeza. Unapoharibu hasa ni pale pacha kamili anapojifanya ana ulinganifu mkubwa kuliko alio nao, nawe ukaamini, ukaunganisha data kwenye kundi la ulinganifu lisilo lake. Ghafla molekuli hazitoshei kwenye nafasi iliyobaki. Zaidi ya hapo, MR ikikataa, mshukiwa wa kwanza ni kielelezo ulichoazima. Chake kilikuwa cha AlphaFold, programu inayobashiri maumbo ya protini: sehemu mbili zenye bawaba katikati, na mkia mrefu ambao hata programu yenyewe haikuuamini. Tukakata mkia, tukatenganisha sehemu, tukazitafuta moja moja. Chai haijapoa, TFZ, alama ya MR inayopima uhakika wa jibu, ikapita 8: jibu limepatikana.

Akataka bado kuwasha kitufe cha upacha kwenye usahihishaji wa muundo, "kwa sababu kinashusha R, mwalimu." Kinashusha, ndiyo, hiyo R, yaani tofauti kati ya muundo uliojengwa na data. Muundo wa kubahatisha kabisa hupata R ya karibu 58% kwenye data ya kawaida na karibu 41% kwenye data ya pacha kamili. Ukihama kutoka hesabu moja kwenda nyingine namba inashuka hata kama hujasogeza atomu moja, kwa hiyo usizilinganishe.

Kwenye sura ya tatu ya tasnifu alikuwa ameandika "fuwele zilikuwa pacha". Nimemwomba aandike "fuwele zilikuwa zimeshikana", na neno pacha alitunze kwa siku atakayokuwa na sheria ya upacha na α ya kuweka pembeni yake.